Bandari ya Tanga baada ya kuongezwa kina: maoni ya muuza Canter wa Mombo

Nianze na jibu, ili mwenye haraka aishie hapa. Kama unaleta gari, mtambo au shehena ya kichele (mzigo unaomwagwa bila kufungashwa), na safari yake inaishia Tanga, Kilimanjaro, Arusha au Manyara, Bandari ya Tanga ya sasa inakufaa, usikubali kutishwa na wakala wa Dar. Kama unaleta kontena moja moja na una mteja anayekuuliza kila asubuhi litafika lini, bado utahangaika. Yafuatayo ni sababu zangu.

Mimi nauza magari ya mizigo yaliyotumika, hasa Canter, kwa wakulima na wachuuzi wa Lushoto na Bumbuli. Kabichi, karoti na hoho zinazoliwa Dar es Salaam zinashuka mlimani usiku kwa barabara ya Soni, kona juu ya kona, hadi Mombo kwenye lami kubwa. Mteja wangu haulizi rangi wala redio. Anauliza breki, springi na bei. Faida kwa gari moja si kubwa, kwa hiyo kila shilingi inayolipwa kati ya meli na Mombo naifahamu kwa jina. Kazi hii ilinipitisha Dar kwa miaka mingi, na tangu meli za magari zianze kufunga gatini Tanga, nimehamishia mzigo huko. Sina ndugu ofisini pale wala sijalipwa soda na mtu.

Asiyeijua Tanga ya zamani hataona ajabu ya meli kufunga gatini. Meli si ndiyo kazi yake? Lakini Tanga haikuwa hivyo. Maji ya mbele ya magati yalikuwa na kina cha mita 3 hivi, na meli ya maana haielei hapo. Meli ilitia nanga huko nje, kilomita 1.7 kutoka gatini, mzigo ukafuatwa kwa matishari. Tishari ni chombo kipana, bapa, kisicho na injini. Linavutwa na tagi, yaani boti ya kukokota, hadi ubavuni mwa meli, winchi za meli zinashusha mzigo ndani yake, tagi inalikokota kurudi, kisha kreni ya nchi kavu inaunyanyua mzigo uleule kwa mara ya pili. Kila gunia la mbolea, kila robota la mkonge, kila bomba la chuma lilibebwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Na gunia linalobebwa mara mbili lina nafasi mbili za kuchanika.

Marehemu mjomba wangu alikuwa kuli wa matishari. Alisema kazi ile ilitegemea hali ya bahari kuliko nguvu za mtu. Kusi ikichachamaa, tishari linapanda na kushuka ubavuni mwa meli huku wavu wa mzigo unaning'inia juu ya vichwa vya watu, na nyapara anapiga kelele ambazo upepo unazichukua. Mvua ikinyesha na mzigo ni mbolea au ngano, kazi inasimama, turubai zinafunikwa, watu wanakaa. Na meli inayokaa nangani inagharimu pesa kila siku, iwe inapakua au inatazama Kisiwa cha Toten. Mwenye meli hazilipi mfukoni mwake. Anaziweka kwenye nauli, nauli inakuja kwa mwenye mzigo, mwenye mzigo anamwekea mkulima.

Watu husema Tanga ni "waja leo waondoka leo". Hao walikuwa watu. Meli zilikuja leo zikaondoka zimechoka.

Ndiyo maana kwa miaka mingi jambo lisilo na akili lilionekana la kawaida. Kutoka Tanga hadi Arusha ni kama kilomita 435 kwa barabara. Kutoka Dar ni zaidi ya 600. Bado bidhaa za maduka ya Arusha zilipitia Dar, au zilipitia Mombasa na kuvuka mpaka, huku bandari iliyo karibu ndani ya nchi yetu ikipigwa jua. Tulizoea kusema watu wa Tanga wamelala. Hapana. Hakuna mfanyabiashara hodari kiasi cha kushindana na mita 3 za maji.

Mradi wenyewe ulikwenda kwa awamu mbili. Ya kwanza ilianza mwaka 2019: kuchimba lango la kuingilia meli na eneo la kugeuzia, kina kikatoka mita 3 hadi 13, pamoja na kununua mitambo. Gharama yake Sh172.3 bilioni. Ya pili ilianza 2020, kuyajenga upya magati mawili yenye urefu wa jumla wa mita 450, kwa Sh256.8 bilioni. Jumla Sh429.1 bilioni, na mkandarasi alikuwa China Harbour Engineering Company. Uwezo wa bandari uliotangazwa baada ya kazi hiyo ni tani milioni 3 kwa mwaka, kutoka tani 750,000. Kazi ilikamilika 2023, mwaka ambao nchi nzima ilikuwa inabishana kuhusu kampuni ya Dubai, DP World, na Bandari ya Dar es Salaam. Kila kijiwe cha kahawa kilikuwa na mwanasheria wake wa bandari, na Tanga hakuna aliyeitaja. Mpaka sasa naandika, Tanga inaendeshwa na Mamlaka ya Bandari (TPA) wenyewe.

Uwezo wa tani milioni 3 ni uwezo. Si mzigo uliopita. Nalisema hili kwa sababu kwenye hotuba vitu hivyo viwili huchanganywa kirahisi, na mwenye lori akisikia milioni 3 anakimbilia benki kukopa la pili. Mzigo umeongezeka, hilo halina ubishi, linaonekana kwa malori yanayopanga foleni na kwa wenye nyumba za wageni waliopandisha bei. Lakini bandari yenye nafasi na bandari iliyojaa si kitu kimoja, na kwangu mimi mteja, nafasi hiyo ni faida. Nitaeleza.

Kwanza jinsi inavyoonekana. Ukitaka kuiona kazi iliyofanyika usisimame getini, nenda Bombo. Hospitali ile iko juu ya mwamba unaotazama mlango wa bandari. Nilikuwa nimekaa pale nikimsubiri mgonjwa, meli ya magari ikaingia, inapita chini yetu taratibu, kubwa kama ghorofa lililosahauliwa kuwekwa madirisha. Wauguzi walitoka barazani kuitazama. Mzee mmoja mwenye bandeji mguuni akamwambia mjukuu wake, "Hiyo zamani ingekaa kule, sisi tungeiona kwa mbali." Akaonyesha kwa fimbo upande wa bahari kuu. Watoto wa Tanga waliozaliwa baada ya 2020 hawatakijua kitu alichokuwa anakionyesha.

Sasa huduma. Meli ya magari ikifunga gatini, madereva wanayatoa magari kwa magurudumu yake yenyewe. Wala tishari, wala wavu. Canter inashuka kwenye daraja la meli, inakwenda yadi, imekwisha. Mimi nikipata taarifa ya kuwasili kwa meli, nyaraka ziko kwa wakala tayari, kadhia, yaani tamko la mzigo, inaingizwa kwenye mfumo wa forodha, kodi inakadiriwa, nalipa benki, ada za bandari zinalipwa kwa namba ya kumbukumbu, kisha hati ya kutolea gari. Mlolongo huu ni uleule wa Dar, sheria ni moja na mamlaka ya mapato, TRA, ni moja. Asikudanganye mtu kwamba Tanga kuna kodi nafuu. Kodi haijui bandari.

Kinachotofautiana ni mji. Tanga nikifika asubuhi kwa Coaster, mwendo wa saa mbili na ushee kutoka Mombo, ofisi ya wakala, benki, forodha na geti la bandari vyote navifikia kwa miguu au kwa bajaji moja. Karatasi ikikosewa herufi kwenye namba ya chesisi (na huwa inakosewa), wakala anavuka barabara kuirekebisha, mimi nakunywa chai. Dar kosa hilohilo lilikuwa linakula siku: foleni, daladala, "njoo kesho", na gesti ya kulala tena. Na siku zina bei, kwa sababu muda wa bure wa kuhifadhi mzigo ukiisha, mita ya tozo inaanza kuzunguka. Yadi isiyobanana ina maana nyingine pia: gari lako unalikuta haraka, na halijazungushiwa magari mengine manane yanayosubiri wenyewe.

Mara ya kwanza nilipoingia yadi ile kukagua, betri ya Canter ilikuwa imekufa, jambo la kawaida kwa gari lililokaa baharini. Kijana wa yadi akaja na betri yake na waya.

"Shangazi, hii inakwenda wapi?"

"Lushoto."

"Basi tuanze na breki. Lushoto honi haisaidii."

Akanipigia jeki, tukatazama. Sikumwomba. Vifaa vyangu vyote vilikuwepo, jeki, spana, tairi la akiba. Nalitaja hilo kwa sababu katika bandari nyingine, ambayo jina lake nalihifadhi, niliwahi kukuta redio na jeki vimeota miguu, na hakuna aliyekuwa na habari.

Nikija kwenye upungufu, naanza na ule usioonekana kwa macho ukiwa gatini: ratiba.

Kampuni moja ya meli, nayo siitaji, iliniandikia Tanga kwenye bili ya shehena, ile hati ya meli ya kupokelea mzigo. Meli ikiwa njiani ukaja ujumbe kwamba magari ya Tanga hayakufikia idadi ya kuifanya meli isimame, kwa hiyo yatashushwa Dar. Mwenye mzigo utafanyaje? Nikaenda Dar, nikalipia dereva na mafuta ya kulipandisha gari hadi Mombo, faida yote ya gari lile ikabaki barabarani. Nilikasirika. Lakini hesabu yao naielewa. Meli kubwa kusimama bandarini kuna gharama: rubani wa kuiingiza, tagi za kuisukuma, ada za gati, saa za mafuta. Wakiwa na magari 300 ya kushusha, inalipa. Wakiwa na 20, hailipi. Mfanyabiashara anaisubiri meli iwe na uhakika ndipo aiandikie Tanga, na meli inamsubiri mfanyabiashara. Kina cha bahari unakitatua kwa mitambo na mkandarasi. Kusubiriana huku kunatatuliwa na watu wa masoko, na kunachukua muda mrefu kuliko kuchimba mchanga.

Kwa kontena hali ni ngumu zaidi. Meli kubwa za kontena duniani zinafuata ratiba ya wiki, na zinasimama kwenye bandari zenye maelfu ya makasha. Bandari ndogo hupata meli za kulisha, zinazochukua makasha kutoka bandari kubwa na kuyasambaza. Ukiwa na kontena la Tanga, kwa kawaida linashushwa mahali kwingine kwanza, linasubiri, linapakiwa tena. Nilisema hapo juu kuhusu kubeba mzigo mara mbili. Tatizo la tishari limeondoka gatini, limehamia kwenye bandari ya mtu mwingine.

Na meli inataka mzigo wa kurudi nao. Hapa ndipo nadhani mjadala wa Tanga unakwepwa, na nataka niukalie kidogo, kwa sababu kila mkutano unazungumzia tunacholeta na hakuna anayeuliza tunachopeleka.

Bandari hii ilikuzwa na mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na mwaka huohuo reli ya Usambara ikaanza kujengwa kutoka hapohapo Tanga kuelekea bara. Ikafika Moshi mwaka 1911. Mkonge na reli na bandari vilikua pamoja, hata kufikia miaka ya 1960 Tanganyika, baadaye Tanzania, ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na meli ilikuwa na sababu ya kuja Tanga hata kwa matishari. Ikaja kamba ya nailoni, yakaja mashamba yaliyodorora, uzalishaji ukaanguka hadi makumi ya maelfu ya tani. Mkonge upo, unafufuliwa, wakulima wadogo wameingia, lakini haujarudi kuwa ule wa kumwita nahodha.

Kipi kingine? Klinka (malighafi inayosagwa kuwa saruji) na saruji yenyewe, kwa sababu mawe ya chokaa ya Pongwe yapo palepale. Hicho ni kichele, na kichele ndicho Tanga inachokifanya vizuri. Kahawa ya Kilimanjaro na Arusha ingeweza kutokea hapa. Viungo vya Amani na Muheza, hiliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, vina thamani kubwa kwa uzito mdogo. Machungwa ya Muheza yanapanda Fuso na kwenda Kenya yakiwa mabichi, yananunuliwa shambani na madalali, na bandari haina habari nayo. Mwenye viungo anayetaka kusafirisha anahitaji kontena tupu, safi, lisilonuka mbolea, na kontena tupu haliji peke yake: linabaki baada ya kontena lililojaa kushushwa. Makasha yaliyojaa yakishukia Dar, matupu yako Dar. Kwa hiyo hiliki ya Amani inapita karibu kabisa na bahari, inapanda lori kwenda kufuata bahari nyingine.

Barabara sina la kulalamika sana. Kutoka Tanga hadi Segera, kisha Korogwe, Mombo, Same, Moshi, ni lami yote. Ubaya wake ni kwamba Segera unakutana na mkondo wa magari ya Dar, na mizani ni mizani. Reli ndiyo inayoniuma. Ipo. Njia ya Kaskazini ilifufuliwa, treni ya abiria ikafika tena Arusha mwaka 2020 baada ya miongo ya kimya, na mabehewa ya mizigo yanapita. Lakini mzigo unaoshuka gatini Tanga leo, ukiutazama unavyotoka getini, unatoka kwa magurudumu ya mpira. Bandari iliyojengewa reli tangu enzi za Mjerumani inategemea malori kuliko mabehewa. Hiyo reli ya kisasa ya Tanga hadi Arusha na Musoma inayotajwa kwenye mipango nitaiandikia maoni nitakapoipanda.

Sasa watu.

Tishari lilikuwa baya kwa mwenye mzigo na zuri kwa kibarua. Kubeba mara mbili maana yake mikono mara mbili. Meli iliyokaa wiki nangani ililisha magenge ya makuli, mabaharia wa tagi, makarani wa kuhesabu mzigo, mamantilie wa getini na wauza kahawa wa usiku. Meli inayofunga gatini, magari yakatoka yenyewe, inataka watu wachache na wenye leseni. Sisemi tungebaki na matishari ili watu wapate ugali. Mjomba wangu mwenyewe angenicheka, mgongo wake aliuacha kule. Nasema kwamba faida ya kina iligawanyika vibaya mwanzoni. Mwenye meli aliipata siku ya kwanza, mimi nikaipata mwezi uliofuata, na kuli anaisubiri mizigo iwe mingi kiasi cha kumrudishia nafasi yake. Vijana waliopata mafunzo ya kuendesha foklifti na mitambo wameingia. Wenye umri wa miaka 50 na mgongo mbovu hawakuingia, na sijasikia mtu akiwazungumzia kwa kirefu.

Nilialikwa kwenye kikao kimoja cha wadau, waandaaji siwataji. Ukumbi mzuri, korosho na maji, picha za meli ukutani. Walizungumza wenye makampuni, mawakala, wenye malori, nami nikapewa dakika zangu. Wavuvi walikuwepo, wamekaa viti vya nyuma, na walipofikiwa muda ulikuwa umeisha. Mmoja alisema neno moja tu, nami nimelibeba: "Mmetuambia meli zitapita wapi. Hamjatuuliza sisi tunapita wapi." Meli inayohitaji mita 13 haiwezi kukwepa ngalawa, ngalawa ndiyo inayokwepa. Ukienda soko la samaki la Deep Sea alfajiri, utawakuta watu ambao njia zao za baharini ziko vichwani mwao, hazipo kwenye ramani ya mtu. Kuwaweka mbele kwenye ajenda hakugharimu bilioni hata moja.

Watu wengi wananiuliza pia kuhusu Chongoleani, kama bomba la mafuta ghafi litaijaza bandari. Bomba lile lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda, sehemu kubwa yake iko Tanzania, na jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017 na Rais Magufuli na Rais Museveni. Mafuta yale ni mazito, yanaganda, ndiyo maana bomba linapashwa joto njia nzima. Lakini yakifika hayapiti kwenye magati haya. Yana matangi yake na gati lake la baharini huko rasini. Ujenzi unaleta wageni na ajira za muda mjini. Baada ya hapo, anayedhani kila pipa litahesabiwa kwenye foleni ya getini kwetu atasubiri sana. Kwa watu wa Chongoleani wenyewe, walioachia ardhi wakapokea fidia, hadithi ni nyingine na si ya muuza Canter kuisimulia.

Jambo moja ambalo naipa Tanga heshima ni kwamba mpango wa zamani wa bandari mpya ya Mwambani haukupewa kipaumbele mbele ya kuitengeneza hii iliyopo. Ukanda ule uko kwenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wanasayansi waliwahi kudhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita, kumbe ananaswa kwenye nyavu za watu wa Kigombe. Tulikuwa na bandari iliyokosa maji. Kuipa maji ilikuwa akili kuliko kuanza upya.

Na bandari bubu, zile zisizo rasmi, je? Ukanda wote kutoka Mkinga hadi Pangani una vijiji ambavyo jahazi linaingia usiku na sukari, mafuta ya kula, mchele. Serikali imekuwa ikirasimisha baadhi ya sehemu hizo. Mimi mlipa kodi nafurahi, lakini mwenye jahazi la magunia 30 hawezi kupewa utaratibu uleule wa mwenye meli ya magari 300. Akipewa huo, atarudi gizani kesho yake.

Kwa atakayekwenda, nimalizie ya kazi. Chagua wakala mwenye ofisi Tanga, asiwe wa Dar anayemtuma mtu. Mmoja wa namna hiyo, jina nalihifadhi, alinikalia na nyaraka mpaka siku za bure zikaisha, akaniletea ankara ya tozo kana kwamba ni salamu. Kabla hujalipa nauli, muulize muuzaji kwa maandishi kama meli inasimama Tanga kweli na nani atabeba gharama ikipitiliza. Hakiki namba ya chesisi herufi kwa herufi kwenye hati ya muuzaji, bili ya shehena na kadhia, kabla meli haijafika. Beba betri yenye chaji na mafuta kidogo kwenye galoni. Chunguza kutu chini ya bodi siku hiyohiyo, kwa sababu ukishatoka getini malalamiko hayasikilizwi na yeyote. Masika ongeza siku. Na ukitoka mchana na gari lisilo na namba za kudumu, hakikisha karatasi za kulisafirisha ziko kwenye dashibodi, usiziweke kwenye mkoba wa mtu aliyepanda basi, maana kutoka hapo hadi Mombo utasimamishwa.